Tanuri mbele, mboga nyuma: majibu kwa wasomaji

Shikamoo mama. Tunaoka mikate kwa kuni hapa Mbagala, na kila asubuhi tunakomba ndoo nzima ya majivu. Niyamwage yote kwenye tuta la mchicha?

Marahaba, mwanangu. Yote, hapana. Majivu ya kuni yana potasiamu na chokaa kwa wingi, lakini naitrojeni, ile inayoupa mchicha majani mapana, imeshaondoka na moshi. Ukizidisha, udongo unapoteza uchachu wake na mmea unashindwa kunyonya madini ya chuma hata kama yamo. Niliyaona haya kwenye tuta langu: majani machanga yaligeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, nami nikazidi kumwaga majivu nikidhani mboga zina njaa. Sasa naweka konzi mbili kwa kila mita moja ya mraba, mara moja kwa msimu, na nachanganya na udongo kabla ya kupanda.

Usiyachanganye na samadi mbichi wala urea. Ukisikia harufu inayochoma pua, ujue naitrojeni inaruka hewani. Acha wiki mbili tatu zipite kati ya kimoja na kingine. Na siku mliyochoma mbao chakavu zenye rangi, majivu yake yasiguse bustani. Mbao hizo hata tanurini hazifai, moshi wake unafika kwenye mkate.

Uwanja wangu ni mdogo kama upana wa kitanda. Viroba vya unga wa ngano vinafaa kupandia? (Tanga)

Vinafaa sana, vile vya plastiki iliyosokotwa. Vya karatasi vitaoza kabla hujavuna. Kung'uta unga wote kwanza. Chukua kopo kubwa lisilo na kitako, lisimamishe katikati ya kiroba, lijaze kokoto, kisha zungushia udongo uliochanganywa na samadi iliyoiva. Vuta kopo juu, jaza tena, hadi nguzo ya kokoto isimame katikati kama utambi wa taa. Maji mwagia hapo kwenye kokoto, ndipo yafike chini. Toboa matundu ubavuni upachike miche ya sukuma wiki, na juu panda hoho au vitunguu majani. Kibera, Nairobi, familia nyingi zimepata mboga kwa magunia ya namna hii.

Kiweke hatua mbili kutoka ukuta wa tanuri. Joto lake hukausha mizizi usiku, wakati wewe uko ndani unaoka.

Iliki imekuwa ghali. Naweza kuotesha ya maandazi yangu hapa Dar es Salaam?

Dada yangu, ningependa kukwambia ndiyo. Iliki ni ya ukoo wa tangawizi, na inataka kivuli cha miti mikubwa, ubaridi na mvua za mara kwa mara, kama kule Amani kwenye milima ya Usambara. Hata huko mkulima husubiri kama miaka mitatu. Panda mchaichai, shina moja huzaa kichaka, na wateja wa asubuhi watapata chai inayonukia pamoja na andazi lao. Giligilani ya sambusa iweke penye kivuli cha mchana, kwani kwenye joto kali hukimbilia kutoa maua.

Mikate iliyolala naizika bustanini. Sasa panya wamejaa.

Acha leo hii. Kutoka tutani hadi stoo ya unga ni safari ya usiku mmoja. Mkate mkavu wape kuku, kidogo kidogo kwa sababu ya chumvi. Wenye ukungu usimpe kuku wala mtu, unaweza kuwa na sumukuvu. Cha kuzika ni maganda ya mayai, yakishaoshwa, kuanikwa na kutwangwa yawe unga.

Na maji ya kuoshea trei?

Yenye mafuta ya kupakia trei usimwage, huziba udongo. Kwa vidukari wa sukuma wiki, yeyusha sabuni ya kipande kidogo kwenye maji safi na unyunyizie chini ya majani jioni, madirisha ya chumba cha kukandia yakiwa yamefungwa.