Mwatiko wanaokufa alfajiri

Pole sana ndugu yangu. Umesema bwawa lako la samaki linapata maji ya mto Lukuledi, kule Lindi, na tangu joto la Februari lianze unakuta samaki wako, mwatiko, wamekufa asubuhi. Kabla hujamshuku jirani kwa sumu, amka saa kumi na moja ukawatazame. Wakiwa juu juu, midomo wazi, basi ni hewa imewaishia.

Maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo: ya mto yenye nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 saba na nusu tu, na chumvi huipunguza zaidi. Usiku mwani nao huivuta badala ya kuitoa. Mabadiliko ya tabianchi yanatubana hapo hapo: bahari inazidi kupata joto, na mvua kubwa ikishuka baada ya kiangazi kirefu inakokota majani na matope, yakioza yanakula hewa iliyobaki.

Mimi nilipoteza karibu nusu ya samaki siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, mlango wa bwawa ukawa hauingizi kitu. Sasa siku hizo napunguza chakula, sitii samadi kabisa, na usiku nawasha pampu irushe maji juu yaanguke yenyewe (mafuta yanauma, lakini heri hivyo). Bamvua likija, bahari ikijaa sana, badilisha maji. Ila mto ukiwa umechafuka kwa mvua, subiri.

Wakifa mchana kweupe, pamoja na kaa na kamba, huenda ni sumu. Usile, usiuze, mwite afisa uvuvi wa halmashauri siku hiyo hiyo.