Muulize Bwana Samaki: Usiite mkutano wa bahari asubuhi ya bamvua

Kila ikikaribia Juni 8, Siku ya Bahari Duniani, barua huniandama. Mwaka mzima watu huniuliza leseni ya chombo na ukubwa wa tundu la wavu; ukiingia Mei kila mtu anataka kupanda mkoko, kufagia ufuo na kutundika bango. Sina ugomvi na mabango. Nimechagua barua tano za wenye nia ya kufanya jambo, au waliochoshwa na wanaofanya. Kwa mgeni wa ukurasa huu: nilikuwa Bwana Samaki, yaani ofisa uvuvi wa serikali, mkoani Tanga mpaka nilipostaafu. Kazi yangu kubwa ilikuwa kukaa madikoni, samaki wanakoshushwa, nikipima samaki wa watu huku nikisikiliza wanavyonisema.

SWALI: Shikamoo Bwana Samaki. Nimehitimu sayansi ya bahari na nimerudi kijijini kwetu Mkinga. Mwaka jana kikundi chetu kilifanya maonyesho ya Siku ya Bahari. Tulikodi hema, viti na projekta kwenye uwanja wa shule, tukaalika watu saa nne asubuhi. Walikuja wanafunzi, viongozi na wazee wachache. Wavuvi hatukuwaona, na wanawake wa pweza hakuja hata mmoja. Kwa nini watu wa bahari hawataki elimu ya bahari? Na je, tuwalipe posho ndipo waje? – *Binti wa Mkinga*

JIBU: Marahaba mwanangu. Elimu wanaitaka sana. Kaa kwenye baraza la kahawa lolote jioni usikilize wanavyobishana kwa nini changu wamepungua, utadhani ni mtihani wa chuo. Tatizo ni kwamba mlichagua siku kwa kalenda ya ukutani, na mnaowaalika wanaishi kwa kalenda ya mwezi.

Hukuniambia mwezi ulikuwa wa ngapi. Kama ulikuwa mchanga au mpevu, jibu umelipata. Siku hizo ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine, na bamvua huku kwetu maji hukauka sana kati ya saa nne na saa sita za asubuhi. Saa hiyo mwanamke wa pweza yuko mwambani na mchokoo wake, ile fimbo ya kumtolea pweza pangoni. Siku zenyewe ni chache katika mwezi, na kila pweza anayemkosa ni daftari la mtoto. Wewe umemwekea kiti cha plastiki umsomee habari za pweza. Angekuja ningemshangaa.

Wa dagaa nao wana mwezi wao. Wanavua kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi ikitoka wanapumzika, kwa sababu taa haina nguvu mbele ya mwezi. Basi fanya hesabu: mwezi mpevu, jioni, baada ya Isha. Wa dagaa wako nchi kavu, wanawake wamesharudi mwambani na wamekwisha pika, watoto hawalali, na njia inaonekana bila tochi. Hamisha shughuli kutoka uwanja wa shule uilete dikoni, kwenye ukuta wa mnada ulio upande wa kivuli, projekta yako iangaze hapo. Kama Juni 8 haiangukii mwezi mpevu, fanyeni siku nyingine. Bahari haitanuna.

Sasa utaonyesha nini? Usianze na ramani ya dunia. Ungekuwa unaniuliza mimi, ningeanza na picha za chini ya maji za mwamba wao wenyewe, ule wanaouita kwa jina. Wapo akina mama walioukanyaga mwamba huo tangu utotoni ambao hawajawahi kuona ulivyo kwenye kina cha mita tano. Weka picha, kaa kimya, waache wauzungumzie wao kwanza. Watakutajia vitu usivyovijua.

Kisha jibu swali walilonalo tayari. Mwaka 2024, kwa mfano, matumbawe yalipauka sehemu nyingi za ukanda huu, kama yalivyofanya 1998 na 2016. Mvuvi aliuona mwamba mweupe, na wengine walisema kuna mtu kamwaga dawa. Mweleze kwamba tumbawe ni mnyama, na ndani ya nyama yake wamo wapangaji, viumbe vidogo vya jamii ya mwani, wanaolipa kodi kwa chakula wanachokitengeneza kwa mwanga wa jua. Rangi nazo ni zao. Maji yakipata joto kupita kiasi, wapangaji wanafukuzwa, nyumba inabaki nyeupe na njaa inaingia. Joto likishuka mapema, wanarudi. Likikaa wiki nyingi, tumbawe linakufa. Nenda na kipimajoto, kifunge kwenye kamba, mpe baharia mmoja akishushe mwenyewe asome namba kwa sauti. Na mwambie ukweli kwamba miezi ya kuangalia ni Machi na Aprili, maji yanapokuwa na joto kubwa. Mwezi Juni kusi limeshapiga na maji yamepoa.

Halafu wakumbushe silikanti. Wataalamu waliamini samaki huyu alikwisha duniani pamoja na madinosari, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia 2003 akaanza kunaswa kwenye majarife ya wavuvi wa Tanzania, wengi wao huku Tanga, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Hapo sayansi ilimfuata mvuvi. Ukilisema hilo mbele ya manahodha, utaona migongo inavyonyooka.

Ila kama mna nguvu ya kufanya jambo moja tu kwa mwaka, achaneni na hema. Fanyeni siku ya kufungua mwamba uliopumzishwa bila kuvuliwa. Pweza wetu huishi mwaka au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja, hulinda mayai yake pangoni bila kula, yakianguliwa anakufa. Wakati huohuo anakua kwa kasi ya ajabu, kwa hiyo sehemu ya mwamba ikipumzishwa miezi michache, tofauti unaishika mkononi. Kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, kilijaribu mwaka 2004 kwa kufunga kipande cha mwamba miezi saba, na mtindo huo ukaenea hadi Tanzania, Unguja na Pemba zikiwamo. Siku ya kufungua, weka mizani dikoni, kila pweza apimwe hadharani, uzito uandikwe kwa chaki kwenye ubao mkubwa karibu na uzito wa siku mliyofunga. Wanawake washike chaki. Hapo hamtahitaji mgeni rasmi. Watu watabishana na ubao mpaka magharibi, na ubishi huo ndio sayansi yenyewe.

La posho uliliuliza pembeni. Msimamo wangu haujabadilika: ukimtoa mtu kazini, mlipe siku yake, ukimfuata akiwa amepumzika, kahawa na kashata zinatosha.

SWALI: Bwana Samaki, mimi ni nahodha Kilwa. Kila mwaka wanakuja watu na madodoso. Wanapima samaki wetu, wanatuuliza tunapata kiasi gani, wanapiga picha, wanaondoka. Majibu hatuyaoni. Sasa tumealikwa semina ya "kushirikisha jamii". Twende? – *Nahodha aliyechoka*

JIBU: Nendeni, lakini nendeni na daftari. Kabla semina haijaanza, mwenyekiti wa BMU, kikundi chenu cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, asimame aulize mambo matatu: vipimo vya mwaka jana viko wapi, nani atatuletea, na lini. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao na mtafiti atie sahihi. Sijaona mtafiti mwenye adabu akikataa. Anayekataa, mshukuru kwa kuwa wazi na mwendelee na kazi zenu.

Mtafiti wa kigeni anatakiwa awe na kibali cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, na ni haki yenu kuomba kukiona, si ukorofi. Na msikubali mrejesho wa ripoti nene ya Kiingereza inayoachwa kabatini kwa mtendaji. Dai karatasi moja ya Kiswahili itakayobandikwa dikoni: tulipima samaki kadhaa, wengi walikuwa na urefu huu, wangeanza kuzaa wakifika urefu huu. Nahodha akisoma mistari hiyo mitatu anajua kama wavu wake unavua wazazi au watoto, na uamuzi atakaouchukua ni wake.

Nawasemea na vijana wa vyuo kidogo: mara nyingi fedha ya utafiti huishia kwenye kukusanya takwimu, nauli ya kurudi kijijini haimo kwenye bajeti. Ni kasoro ya waliopanga bajeti. Lakini nahodha hawezi kuijua bajeti yenu. Anachoona ni mgongo wako ukipanda gari.

SWALI: Assalaam alaykum. Niko Pemba. Walikuja watu wa mazingira wakatwambia nyama ya kasa ni sumu. Baba mkwe wangu kacheka, kasema kala kasa tangu udogo na yu mzima. Nimsadiki nani? Nina watoto wadogo. – *Mama wa Micheweni*

JIBU: Waalaykumu salaam dada yangu. Wote wawili wamesema kweli nusu, na nusu hiyo inaua.

Si kila kasa ana sumu. Mtu anaweza kula mara nyingi asidhurike, kama baba mkwe. Lakini kasa mmoja anaweza kuwa amejikusanyia sumu mwilini, inayodhaniwa kutokana na vitu anavyokula baharini, na hakuna njia ya kumtambua kwa macho, kwa harufu wala kwa ladha. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, limau wala ndimu hazifui dafu. Dawa ya kuivunja haipo. Hospitali hutibu dalili tu. Mwezi Machi 2024, kwenye kisiwa cha Panza hapo hapo Pemba, walikufa watoto wanane na mtu mzima mmoja baada ya kula kasa, na wengine 78 wakalazwa. Mwaka 2021 Pemba ilikuwa imeshazika watu saba kwa sababu hiyohiyo. Watoto ndio wanaoathirika zaidi, na mama anayenyonyesha akila, sumu inaweza kumfikia mtoto kwa maziwa. Kwa hiyo usile, usinyonyeshe ukiwa umekula, na mtu akianza kuwashwa mdomo na koo, kutapika au kulemewa na usingizi baada ya kula kasa, mkimbizeni hospitali bila kusubiri asubuhi. Kumvua kasa ni kosa kisheria pia, lakini hilo nimelitaja mwisho makusudi.

Waliokuja kwenu walikosea kwa kukata maneno. Ukimwambia mzee "kasa ni sumu" na yeye kala harusini akarudi nyumbani salama, umemfundisha kwamba wewe ni mwongo, na kesho ukimwambia la matumbawe hatakusikiliza. Ukimwambia "huwezi kujua ni yupi", hata yeye atakaa kimya, kwa sababu wazee wa Pemba wanawakumbuka waliozikwa. Mwambie baba mkwe hivyo, kwa heshima yake, na si mbele ya wageni.

SWALI: Salaam. Sisi ni vijana wa Mombasa, tunafanya usafi wa ufuo kila mwisho wa mwezi. Watu wa mtaa hawajiungi. Wanatwambia, "Mnaokota leo, kesho maji yaleta tena." Tutawavutaje? – *Vijana wa ufuoni*

JIBU: Wana haki, maji yataleta tena. Kwa hivyo geuzeni usafi uwe hesabu. Chagueni mita mia moja zilezile kila mwezi, tenganisheni: vifuniko vya chupa, ndala, nyuzi za nyavu, vipande vya mifuko. Andikeni, kisha ubandikeni ubao penye kahawa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Agosti 2017. Kikundi ambacho kingekuwa na daftari la kabla na baada ya hapo, kingeweza kumwonyesha mtu yeyote kama sheria imefika ufuoni kwake au haijafika. Hata Flipflopi, chombo kile cha Lamu kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvishwa vipande vya ndala, kilipoteremka hadi Unguja mwaka 2019, watu walijaa bandarini kwanza kutazama ufundi wa mafundi wao. Habari ya takataka ilifuata yenyewe.

Na tafadhalini, yale majani makavu ya bahari mnayoyafagia na kuyatia kwenye magunia, yaacheni. Ni nyasi bahari, yanashika mchanga usiliwe na mawimbi, na wadudu wanaokula humo ndio chakula cha ndege. Hoteli huyaondoa kwa ajili ya watalii. Nyinyi hamna watalii.

SWALI: Shikamoo babu. Nipo darasa la saba, Bagamoyo. Mwalimu alitupeleka ufukweni kwenye siku ya bahari, maji yalikuwa yameenda mbali sana. Rafiki yangu akasema ni tsunami inakuja. Ni kweli? – *Mwanafunzi*

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Hiyo ilikuwa bamvua. Mwezi na jua vikiwa vimepangana mstari mmoja na dunia, huyavuta maji pamoja, yakijaa yanajaa sana, yakipwa yanapwa sana. Inakuja mara mbili kila mwezi, na mvuvi yeyote atakutajia siku yake.

Rafiki yako naye hakubahatisha. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko lilitokea karibu na Sumatra, Indonesia, na baada ya saa nyingi mawimbi yakafika kwetu. Somalia walikufa karibu watu 300, Tanzania nasi tukapoteza watu. Tofauti ni hii: bamvua hupwa polepole, kwa saa sita hivi, na kwa siku yake. Tsunami inaweza kuyavuta maji kwa dakika chache tu, saa yoyote, hata wakati yanapotakiwa kujaa. Ukiona maji yamekimbia ghafla na samaki wanarukaruka kwenye mchanga, usiwaokote. Waite wenzako, kimbieni mpande juu, mbali na ufuo, na msishuke wimbi la kwanza likirudi, kwa maana huwa linafuatwa na mengine.