Barua kwa mwanangu: roboti inakutazama, je, inakuona?

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza: "Roboti akiona nina huzuni akapunguza sauti yake, je, amenielewa?" Tazama ulivyoandika: *akiona*, *amenielewa*. Umeshaitia roboti kwenye ngeli ya A-WA, pamoja na watu na wanyama, na nusu ya jibu umelitoa bila kukusudia. Mwanafalsafa Daniel Dennett alitetea usemi wa namna hiyo: kukichukulia kitu kana kwamba kina nia hutusaidia kubashiri kitakachofanya. Ni kweli. Hata hivyo mimi nitasema *inaona*, kwa sababu nataka kwanza tufungue kifuniko.

Kamera hupiga picha kama 30 kwa sekunde. Programu huutafuta uso, huweka alama kwenye nyusi, pembe za macho na midomo, kisha hupima mkao wa alama hizo. Zinatoka namba kati ya 0 na 1, tuseme huzuni 0.62, hasira 0.21. Mhandisi akiwa ameweka kiwango cha 0.6, sauti inashuka. Hakuna hatua hata moja inayouliza umehuzunishwa na nini. Aliyezama katika mawazo hukunja uso, naye anaweza kuhesabiwa kuwa amekasirika. Ukiwa na dirisha nyuma yako, uso unaingia giza na namba zinayumba.

Giza hilo taa italiondoa. Dhana kwamba moyo umeandikwa usoni haiondolewi na kamera bora. Mwaka 2019 mwanasaikolojia Lisa Feldman Barrett na wenzake walipitia tafiti nyingi wakaonyesha kwamba misogeo ya uso peke yake haitoshi kutambua hisia za mtu.

Kinachonisumbua zaidi ni jinsi roboti inavyojirekebisha kwa kukutazama. Ikipewa pointi kila unapotabasamu, itajifunza kukutoa tabasamu, basi. Hali yako haimo kwenye hesabu. Na wewe pia unabadilika. Watu wakizungumza hupokezana kwa wastani wa sekunde 0.2 hivi, roboti nyingi husubiri kimya kirefu zaidi ndipo ziamue umemaliza. Ukivuta pumzi ndefu katikati ya sentensi, kimya hicho kikatimia, inakukatiza. Basi unaanza kusema kwa vipande vifupi, unatia chumvi kwenye sura yako, unasimama pale kamera inapopenda. Hapo nani amemzoea mwenzake?

Ipime hivi. Iambie: "Umekosea, sina huzuni, nimechoka." Angalia kama maneno hayo yanapokelewa, kama yanashinda namba ya kamera pale pale, na kama kesho, uso ukiwa vilevile, itakumbuka. Ikishindwa, nenda kwenye mipangilio uzime utambuzi wa hisia, kama inaruhusu, na uiache iulize kwa maneno: "Nipunguze sauti?"

Jibu langu basi ni hapana: imekukadiria. Anayekuelewa hukubali umsahihishe kuhusu nafsi yako, na roboti iliyofungwa kwenye namba ya uso haina mlango wa kuupokea usahihisho huo.

Wako akupendaye,
Mama