Dada unayevukia Idjwi, uliza upepo kabla ya bei

Mwaka wa tisa huu nanunua mananasi Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu huku Kongo, na kuyauza mjini Goma. Wadada wanaoanza huniuliza bei ya kisiwani. Hiyo nitawaambia siku nyingine, leo tuzungumze upepo kwanza.

Kimbunga Chido kilipoipiga Mayotte, kule Bahari ya Hindi, tarehe 14 Desemba 2024, kilikuwa tayari na jina, na satelaiti zilikuwa zimekifuata siku kadhaa. Sisi vimbunga vya namna ile havitufikii: tuko digrii mbili tu kusini mwa ikweta, na hapa mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuyazungusha mawingu vile. Dhoruba ya Kivu inazaliwa mchana huohuo juu ya milima, halafu inashukia ziwani. Haina jina.

Mwaka juzi, mwezi wa nne, mzigo ulichelewa kufika mwaloni. Kapiteni akasema tulale. Sisi wanunuzi tukambishia, kwani nanasi lililoiva halingoji mtu. Tukaondoka saa nane mchana, ziwa limetulia kabisa.

Baridi ndiyo iliyonishtua, hapa shingoni. Mvua bado ilikuwa mbali, lakini hewa baridi inayoporomoka kutoka kwenye wingu hufika kabla ya tone la kwanza. Maji yakawa meusi. Wimbi lilipoingia, watu wakakimbilia upande mmoja na boti ikalala. "Kaeni chini! Kaeni!" kapiteni alipiga kelele. Mama mmoja alimvuta binti yake kwa kitenge, tukakaa wote kwenye maji yaliyoingia botini, tukaanza kutupa mananasi ziwani. Yalielea nyuma yetu tukirudi kisiwani.

Kwa hiyo vuka asubuhi, hasa kuanzia mwezi wa tisa hadi wa tano. Ukihisi ule ubaridi kabla hamjang'oa nanga, shuka, hata kama umeshalipa. Jileti ya kuokoa maisha usiikalie kama mto wa kitandani. Ivae na ufunge kamba zake zote. Boti ikijaa kupita kiasi, usipande hata kama jua linawaka. Ile iliyotoka Minova tarehe 3 Oktoba 2024 ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakiona kwa macho.

Najua kungoja kunauma. Boti zisipovuka, Idjwi chumvi na sabuni vinapanda bei, na mgonjwa anayetakiwa kupelekwa Goma au Bukavu anabaki kitandani. Kapiteni anabeba shida zote hizo kichwani. Nawaomba sana, tusiwe sisi wa kumsukuma.

Kwenye hesabu ya kila safari, tia pesa ya kulala usiku mmoja. Yangu naifunga kwenye pindo la kitenge, mbali na pesa ya mzigo. Mwezi huu nimeshaifungua mara mbili.