Kuunda brekidauni ndogo kwa vipande vya maboksi tofauti

Wewe unayeanza kuunda magari madogo ya plastiki, na umechoka kuunganisha kile tu kilichochorwa juu ya boksi, nakushauri uanze na gari la kazi. Magari ya kazi yenyewe huzaliwa kwa mchanganyiko. Tembelea gereji za Dar utakuta kichwa cha Scania kimebebeshwa bodi iliyochomelewa palepale uani, winchi imetoka kwenye lori jingine lililokufa zamani, na taa za nyuma ni za basi. Hata brekidauni ya kwanza, yaani gari la kuvuta magari mabovu, ilianza hivyo: mwaka 1916, kule Chattanooga, Marekani, Ernest Holmes alifunga miti mitatu, kapi na mnyororo juu ya chesisi ya Cadillac ya mwaka 1913. Kwa hiyo ukichanganya vipande hukosei. Utakosea ukichanganya bila kupima.

Brekidauni yangu ya kwanza niliiharibu kwa njia hiyo. Kabini na chesisi nilitoa kwenye seti ya Scania 143 ya kampuni ya Italeri, skeli 1/24, yaani gari halisi limepunguzwa mara 24. Bodi na milingoti ya kuvutia magari nilitoa kwenye seti ya AMT, kampuni ya Kimarekani, skeli 1/25. Niliona 24 na 25 ni majirani, nikapaka gundi. Asubuhi nikaliangalia kwa nyuma: bodi imezama ndani ya kabini kama shati la mdogo mtu alilovaa kaka yake. Piga hesabu mwenyewe. Lori lenye upana wa mita 2.5 ni milimita 104 kwenye 1/24, na milimita 100 kwenye 1/25. Hizo milimita 4 zikigawanywa pande mbili ni karibu sentimita 5 za gari halisi kila upande, na jicho linaziona kabla hujasema neno.

Si kila kipande kina ugumu huo. Boksi la spana, dumu la mafuta, winchi, taa ya kumulika, hata tangi la dizeli, hivyo vipo vya ukubwa mbalimbali katika magari halisi, kwa hiyo unaweza kuvitoa boksi lolote. Usivichanganye vitu vinavyoguswa na mwili wa mtu: mlango, kitasa, usukani, kiti, ngazi ya kupandia. Kila mtazamaji anajua kimo cha binadamu bila kufundishwa. Tairi nazo zitoke seti moja, angalau zile za ekseli moja.

Kabla hujakata chochote, amua gari lako litafanya kazi gani. Litavuta daladala au litavuta semi iliyobeba shaba? Mimi nilibeba kabini, chesisi na milingoti vikiwa vimeshikwa kwa gundi ya karatasi tu, nikampelekea fundi mmoja mzee anayetengeneza malori. Alivaa miwani, akaligeuza mara mbili, akaweka kidole kwenye ekseli ya nyuma na kingine kwenye kulabu.

“Mdogo wangu, hapa ni mbali mno. Likiinua mzigo, shoo itanyanyuka. Dereva atakata kona na nini?”

Sikuwa nimewaza hilo hata kidogo. Kulabu ikikaa mbali nyuma ya ekseli, mzigo unakuwa kama mtoto mzito kwenye bembea ya ubao: shoo, yaani mbele ya gari, inapanda, matairi ya mbele yanapoteza uzito na usukani haushiki. Ndiyo maana brekidauni halisi huwa na mkia mfupi, na nguzo za milingoti hukaa karibu na ekseli za nyuma. Nikasogeza nguzo mbele, nikafupisha mkia, na kwa mara ya kwanza lile gari likaonekana lina nguvu. Yule mzee aliniruhusu pia kupima lori lililokuwa juu ya mawe. Boriti ya chesisi ilikuwa na kimo cha sentimita 27, ambayo kwenye 1/24 ni zaidi kidogo ya milimita 11. Beba futikamba na daftari. Hakuna picha inayokupa kipimo hicho.

Sasa chesisi, maana hapa ndipo kazi nyingi za wanaoanza hufia. Nilitaka kuirefusha milimita 33, yaani karibu sentimita 80 za gari halisi. Usikate boriti wima kama unakata muwa. Kata kwa ngazi, mfano wa herufi Z, ili vipande viwili vikumbatiane. Upande wa ndani bandika bamba la plastiki la milimita 1 linalopita kiungo kwa milimita 20 kila upande. Kisha ilaze juu ya kioo: chesisi ikiwa kichwa chini, egemeza boriti zote mbili kwenye kitu chenye pembe kamili, zigandamize, uziache usiku kucha bila kuzigusa. Ukishafunga ekseli, weka gari juu ya kioo kilekile na upitishe kipande cha karatasi chini ya kila tairi. Ikipita chini ya moja, chesisi imepinda. Irekebishe leo, kwa sababu baada ya rangi hutaweza. Na urefushe propela shafti, ile fimbo inayopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli ya nyuma. Wengi huisahau, ikabaki inaning'inia bila kufika kwenye difu.

Kuhusu gundi sina mengi. Gundi ya majimaji ya plastiki haibandiki, inayeyusha. Vipande viwili vinakuwa kimoja. Kwa hiyo haifanyi kazi juu ya rangi wala juu ya kromu, ile ngozi ya kung'aa kama fedha. Kwangua kwanza. Chuma na resini, ile plastiki ngumu ya kumimina, vinataka supaglu.

Kromu yenyewe iondoe kwenye gari la kazi, isipokuwa unaunda gari la maonyesho. Tumbukiza vipande kwenye Jik, ile ya kufulia nguo nyeupe, mahali penye hewa, na usichanganye na dawa nyingine yoyote. Ile ngozi ya kung'aa itayeyuka yenyewe, kisha suuza vizuri. Nitaje jambo jingine linaloumiza baada ya miaka: tairi laini za vinaili za seti za zamani hutoa mafuta yanayokula plastiki ya rimu. Usizihifadhi zikiwa zimegusana na kabini au vioo, na ukiweza tafuta tairi za mpira halisi au za resini.

Rangi ije baada ya praima, yaani rangi ya msingi, na praima ije baada ya msasa namba 400, kisha 600. Praima ya kijivu itakuonyesha kila kiungo ulichodhani umekimaliza. Rudi kwenye puti ya kuzibia mianya bila hasira.

Uchakavu uweke pale kazi inapochakaza. Ngazi ya dereva imekwanguliwa na viatu. Ukingo wa bodi, pale minyororo inapoburuzwa, umebaki chuma kitupu. Grisi nyeusi iko kwenye kapi na ngoma ya winchi, siyo mlangoni. Vumbi jekundu linapanda kutoka kwenye madigadi likififia kadiri linavyokwenda juu.

Waya wa winchi wa milimita 12 ni milimita 0.5 kwenye skeli hii. Uzi wa kushonea viatu uliopakwa nta unafaa, na mnyororo nilipata kwenye mkufu wa bei rahisi wa sokoni. Kabla ya kubandika, ning'iniza nati kwenye kulabu ili uzi unyooke wima, tone supaglu kwenye ngoma, subiri ikauke, ndipo uitoe nati.