Pigo la pili la ubongo: kwa anayeanza kuhudumia majeruhi wa kichwa

Seli za ubongo zilizochanika palepale mtu alipoumia hazirudi, na hakuna anayekutaka uzirudishe. Kazi yako ni zile za jirani, zilizo hai bado lakini zimechoka. Hizo hufa saa na siku zinazofuata kwa kukosa damu na oksijeni, na nyingine hufa mikononi mwetu; hilo ndilo pigo la pili.

Anza na presha. Wanaoanza hukimbilia picha ya CT wakati presha ya juu inasoma 86. Kushuka chini ya 90, hata mara moja tu, huambatana na vifo vinavyokaribia maradufu. Mtu mzima mshikilie kwenye 110 au zaidi. Mwenye miaka 50 hadi 69, asipungue 100. Wala usilisingizie fuvu: kwa mtu mzima, ndani yake hamna nafasi ya damu ya kutosha kuangusha presha. Tafuta kifuani, tumboni, kwenye nyonga na mapaja, na usisahau jeraha la ngozi ya kichwa lililofunikwa kwa bandeji. Dripu iwe salini ya 0.9%. Dextrose ya 5% huishia kuwa maji matupu, nayo maji hayo huuvimbisha ubongo.

Fanya hesabu hii mwenyewe. Presha ya 110/65 ina wastani wa 80 (ya chini mara mbili, jumlisha ya juu, gawa kwa tatu). Shinikizo ndani ya fuvu likiwa 20, ubongo unasukumiwa damu kwa 60, kiwango cha chini tunachokubali. Presha ikianguka hadi 85/50, zinabaki kama 42.

Kosa la pili ni la mkono wenye haraka. Ukiminya mfuko wa kupumulishia mara 25 kwa dakika, oksijeni itapendeza kwenye mashine, lakini kabonidayoksaidi itashuka, mishipa ya ubongo itajibana, na damu itapungua. Mara 10 hadi 12 zinatosha kwa mtu mzima; kabonidayoksaidi ya damu ibaki 35 hadi 40. Kuharakisha ni kwa muda mfupi tu, mboni moja inapotanuka ghafla, huku daktari wa upasuaji akiitwa.

Presha ikipanda na mapigo ya moyo yakipungua, usiteremshe presha hiyo. Ubongo unabanwa, nao unajipigania. Manitoli, dawa ya kupunguza shinikizo hilo la ndani ya fuvu, ni gramu 0.25 hadi 1 kwa kila kilo. Mgonjwa wa kilo 70 kwa kipimo cha 0.5 anahitaji mililita 175 za ile ya 20%. Weka mpira wa mkojo kwanza, na usimpe manitoli kama presha iko chini, maana humkojoza mgonjwa hadi aishiwe maji. Steroidi achana nazo: utafiti wa CRASH wa 2004 ulionyesha zinaongeza vifo.

Inua kichwa nyuzi 30. Uti wa mgongo usipothibitishwa kuwa salama, inamisha kitanda kizima. Kola ya shingo na kamba ya mrija wa hewa vikikaza sana, damu hushindwa kurudi kutoka kichwani. Homa, degedege na sukari kushuka vyote hutibiwa mara moja.

Unapokabidhi zamu, usiandike "GCS 9" (alama za kipimo cha fahamu) peke yake. Tenganisha macho, maneno na viungo, kwa sababu 9 ya saa mbili na 9 ya saa nne zinaweza kuwa wagonjwa wawili tofauti kitanda kimoja.