Mume wangu anataka kuwarusha watoto kwenda Idi

*Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu ni wenyeji wa Tanga, na sasa tunaishi katika mji mdogo wa Ohio, Marekani, ambako yeye ni fundi wa magari. Mwaka jana alipata leseni ya urubani, kisha yeye na wenzake wawili wakanunua ndege ndogo ya zamani. Anataka turuke na wanetu, wenye miaka 9 na 6, tukasali Idi kwa dada yake Michigan. Nimekataa, na ndugu zake wanasema namvunja moyo. Je, nimekosa? Mke wa Rubani.*

Marahaba, mwanangu. Hukukosa. Ndege ndogo ya injini moja inayorushwa na rubani wa mwisho wa juma si salama kama ndege kubwa za abiria, na mama anayelijua hilo hamdharau mumewe kwa kuogopa. Hata hivyo nakusihi kukataa kwako kusiwe kwa milele, kwa kuwa mtu anayeshinda chini ya magari ya wenzake kisha akapata subira ya kujifunza urubani anastahili kuheshimiwa nyumbani kwake. Wekeni masharti, nayo yazungumzwe mapema, wakati hakuna safari inayowangoja.

Muulize kwanza kuhusu sheria, naye atafurahi kukueleza. Leseni yake huweza kupatikana kwa saa 40 tu za kuruka. Ili abebe abiria mchana, lazima awe ameruka na kutua mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita, na kila baada ya miezi 24 apimwe upya na mwalimu. Hicho ni kiwango cha chini, na kwangu hakitoshi kwa watoto. Aifanye safari hiyo ya Michigan na mwalimu kwanza, kisha na wewe peke yako, ndipo watoto wafuate.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni Idi yenyewe. Siku yake huamuliwa na mwezi, swala haimngoji mtu, na wifi yako atakuwa ameshapika. Rubani asiyekuwa na kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo vya ndani ya ndege bila kuona nje haruhusiwi kuingia mawinguni, na marubani wa Marekani hufundishwa kuuhesabu msukumo wa watu wanaowasubiri kuwa hatari inayopimwa kabla ya safari, sawa na hali ya hewa na uzima wa ndege. Julai 1999, John F. Kennedy Mdogo, mwana wa rais wa zamani wa Marekani, ambaye hakuwa na kibali hicho, aliruka usiku akiwa na mkewe na shemeji yake, wakiwa njiani kwenda kwenye harusi ya ndugu. Juu ya bahari, katika giza na utusitusi, alipoteza mwelekeo, na wote watatu wakafa. Kwa hiyo sharti kubwa ni lako na la wifi yako: akisema "leo hatuendi", au akigeuza ndege katikati ya njia, asilaumiwe na yeyote, wala asiulizwe mara mbili.

Usidhani kwamba masharti ya familia yanamshushia rubani hadhi. Huko huko Ohio, ndugu Wilbur na Orville Wright, wale waasisi wa urubani, walimwahidi baba yao kwamba hawataruka pamoja, ili ajali moja isiwachukue wote wawili. Aliwaruhusu mara moja tu, tarehe 25 Mei 1910, na siku hiyo hiyo yeye mwenyewe, akiwa na miaka 81, alirushwa na Orville. Nanyi mnaweza kukubaliana kwamba, hadi watoto wakue, baba na mama hawatakuwa pamoja katika ndege hiyo, isipokuwa katika ile safari yenu moja ya majaribio.

Someni pia mkataba wa bima yake ya maisha kabla ya safari yoyote, maana baadhi ya mikataba hailipi rubani binafsi akifa akirusha ndege.

Idi hii nendeni kwa gari. Ndugu zake awaeleze yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba huo ni uamuzi wenu wawili. Mkirudi, mchague Jumamosi moja yenye anga safi, uwapeleke watoto uwanjani wamwone baba yao akiikagua ndege hatua kwa hatua kabla ya kuruka, na wewe umuulize kila unachotaka kujua.